Kasa wa bakuli na paa wa ndoo: kugawa bure nako kuna sheria?

Mpishi_Kengeja

Assalaam alaykum. Mie si mwandishi humu, huwa nasoma tu na kucheka mnavyogombania urojo wa nani mtamu. Leo nina jambo, nataka jibu la haraka, msinizungushe.

Nina genge langu Kengeja, hapa Pemba. Asubuhi chai, mandazi na maharage ya nazi, mchana wali na samaki, Ijumaa pilau. Cheti cha kupima afya ninacho, cha mwaka huu, nimekitundika juu ya kabati la mandazi. Kimepigwa moshi lakini kinasomeka. Kwa hiyo msinione mtu wa ovyo.

Jana alasiri shemegi yangu, mdogo wake mume wangu, kaja na bakuli limefunikwa kitambaa. "Bi Mkubwa, kitoweo hicho." Nafunua, nyama. Mafuta yake yana rangi ya kijani. Sikuuliza mara mbili, mie nimezaliwa pwani. Kasa kanasa kwenye jarife usiku, wamempasua ufukweni alfajiri, wamepanga mafungu, kila nyumba bakuli moja. Hakuna aliyetoa hata shilingi.

Nikamwambia, shemegi, mie hii sili na genge langu haiingii. Panza ni pale tu ukivuka Chokocho, na maiti za watoto wa mwaka ule waliokula kasa hatujazisahau. Kakasirika. Kasema maneno ambayo usiku kucha yamenikaa: "Ningekuuzia ungekuwa na haki ya kunishitaki. Nimekupa bure, kosa langu liko wapi? Sheria za nyama ni za mabucha." Akaongeza kwamba paka wa pale diko wamekula utumbo tangu asubuhi na wako wazima wanalamba miguu.

Hilo la kwanza. La pili: mwanangu kaoa Muyuni, Unguja Kusini. Juzi kaja na meli ya usiku, wakwe zake wamempa paja la paa la kuniletea mie. Kalitia kwenye ndoo ya rangi, kafunika khanga, barafu hakuna. Limelala melini, asubuhi likapanda gari ya abiria mpaka hapa. Harufu si mbaya, lakini si nzuri vilevile. Nimelitia kwenye friza. Sasa kuna mhandisi mmoja wa barabara anakula kwangu kila siku, kasikia habari ya paa, anasema nimpikie pilau yeye na wenzake wanne, atalipa elfu tano sahani. Naweza kuuza? Au nimpe bure halafu yeye anipe "zawadi"?

Na jengine dogo. Huyo mke wa mwanangu kaenda kwa wifi yangu nyumba ya pili, huko kasa alishapikwa, kaonja mchuzi kijiko kimoja viwili kabla sijamzuia. Ananyonyesha, mtoto ana miezi minne. Naye nimwambie nini?

Bakuli bado liko friji, chini kabisa.

---

Jongoo_wa_Chake

Bi Mpishi, wazee wetu wamekula kasa tangu enzi za Sultani na wamefika miaka tisini. Mafuta yake ni dawa ya kifua, bibi yangu alikuwa nayo kwenye chupa. Siku hizi kila kitu sumu. Kama hutaki, lete bakuli Chake.

---

Afisa_Afya_Mstaafu

Bi Mpishi, wa alaykum salaam. Nimesoma mara mbili. Ulichokiita "dogo" ndicho kikubwa, mengine weka kando kwanza.

Mke wa mwanao aende hospitali leo, Mkoani, asingoje aumwe. Mtoto asinyonye mpaka daktari aseme. Sumu ya kasa hupita kwenye maziwa ya mama, na mtoto mchanga anaweza kudhurika kuliko mama aliyekula. Mpeleke na wifi yako na kila aliyekula nyumba ile. Waambieni wazi: "tumekula kasa." Msione haya, msiseme ni samaki. Daktari akijua mapema anajua cha kuangalia. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo haipo, kinachofanyika ni kumsaidia mgonjwa: maji, kupumua, kumwangalia usiku na mchana.

Dalili zake: mdomo na koo kuwaka au kuwasha, kichefuchefu, kutapika, kuharisha, ulimi kuwa na utando mweupe na vidonda, kisha usingizi mzito ambao mtu haamshiki. Huweza kuanza baada ya saa chache, na huweza kuchukua siku kadhaa. Ndiyo maana habari ya paka haina maana. Paka wa asubuhi anaweza kulamba miguu mpaka kesho kutwa halafu akafa. Watu wanamwonjesha paka, wanasubiri saa mbili, wanapakua.

Nikirudi nitajibu mengine. Nijulishe mkifika.

---

Mpishi_Kengeja

Nimetetemeka. Tunatafuta gari.

---

Afisa_Afya_Mstaafu

Sasa kwa Jongoo na kwa shemegi mwenye jarife, maana najua anasoma au atasomewa.

Wazee hawakusema uongo. Walikula na wakaishi. Kasa hawi na sumu kila siku. Inategemea alichokula huko baharini, na wataalamu wengi wanaona chanzo ni mimea midogo ya baharini au viumbe wengine anaowala. Ng'amba, aina mojawapo ya kasa, ndiye anayetajwa zaidi, lakini kasa wa kawaida naye yumo. Tabu ni kwamba kasa mwenye sumu na asiye nayo wanafanana: rangi ileile, harufu ileile, utamu uleule. Huwezi kumjua kwa kumtazama, na moto hausaidii. Uchemshe siku nzima, ukaange, ubanike, utie ndimu gunia zima, sumu iko palepale. Watu wa pwani wanaujua mfano wake: bunju, samaki mwenye sumu. Nani atakubali sahani ya bunju kwa sababu tu imepikwa vizuri?

Novemba 2021 hapahapa Pemba walikufa watu saba. Machi 2024 Kisiwa Panza walikufa watoto 8 na mwanamke mmoja ambaye ni mama wa mmoja wa watoto hao, na watu 78 wakalazwa. Hebu tujiulize: wale 78 walinunua wapi? Bucha gani? Nyama ya kasa Pemba haiendi kwa mizani, inaenda kwa mabakuli. Anayepata haachi jirani. Ukarimu wetu ndio ulioifikisha nyumba nyingi kwa siku moja. Angekuwa mchoyo akala peke yake, angeugua peke yake.

Kwa hiyo shemegi, swali lako lilikuwa la mtu mwenye akili, lakini uliliweka upande usio wake. Sheria nyingi za chakula zinamwandama muuzaji kwa sababu muuzaji anamuuzia asiyemjua. Huyo mnunuzi hajui mnyama kafa vipi, kwa hiyo serikali inasimama katikati. Kwa kasa si hivyo. Kasa analindwa kisheria Zanzibar, na ulinzi huo hauulizi umeuza au umegawa. Akinasa kwenye jarife anaachiwa arudi majini. Kosa linaanza pale kisu kilipoingia, bakuli limekuja baadaye.

Bakuli lililoko friji: usimpe mbwa wala kuku, usitupe jaani. Chimba shimo la kina, zika. Na sheha, mkuu wa mtaa wenu, aambiwe leo, kuna nyumba hazijapika bado.

---

Ustadh_Mtambile

Naongeza kidogo. Katika madhehebu yetu ya Shafi wapo wanazuoni waliokataza kasa kabisa, kwa hiyo mtu asidhani kila cha baharini ni cha kutia chunguni bila kuuliza. Ama paa, msasi akisoma Bismillahi akampiga, au akamtuma mbwa aliyefundishwa, ni halali. Mnyama akiokotwa msituni keshakufa na haijulikani kafa kwa nini, huyo ni mzoga. Bi Mpishi umuulize mwanao: huyu paa alipigwa au aliokotwa? Watu huona haya kuuliza zawadi. Waulizeni.

---

Mkaazi_wa_Kitogani

Mie niko Unguja, huku kwa wakwe wa mwanao, karibu na Jozani. Paja lililochunwa halisemi ni paa gani. Kuna paa wa kawaida, na kuna paa nunga, mwekundu, ana mstari mweupe kwenye makalio na mapaja. Nunga duniani kote yuko Unguja na kwenye misitu ya pwani ya Kenya, basi. Msitu wa Jozani na Ghuba ya Chwaka umefanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na mmoja wa wanaolindwa mle ndani ni yeye, pamoja na kima punju. Ukiuza pilau ya paa, na mtu akauliza "paa gani, kibali cha nani?", utajibu nini? Ngozi iko Muyuni.

Nawajua wasasi wa huku, wengine ni jamaa zangu. Wanatoka na mbwa na nyavu usiku, mwenye bunduki anatumia marisau, zile risasi za chembechembe. Mnyama anapigwa saa tisa, wanazunguka mpaka jua linatoka, ndipo anapasuliwa, tumbo limeshavimba. Kisha anaoshwa kwa maji ya dimbwi. Halafu ndiyo inaitwa nyama safi ya msituni, haina dawa wala sindano!

---

Mtoto_wa_Wete

Salaam kutoka Minnesota, Marekani. Nimeishi huku miaka mingi na hili la kugawa na kuuza wanalo, ila wamelipanga kwa namna nyengine, nawasimulia.

Huku Novemba majirani zangu wote wanakwenda kuwinda kulungu. Mwenye leseni akiua, nyama ni yake: ale, ampe ndugu, ampe jirani. Kuuza hapana. Nyama ya kulungu wa porini aliyewindwa haiuzwi dukani wala mkahawani. Ukiona nyama ya kulungu kwenye mkahawa ujue ni ya kufugwa, imepita kwa mkaguzi. Sababu moja ni ya afya, kwa kuwa hakuna aliyemkagua yu hai. Ya pili ni ya msitu: waliwahi huko nyuma kuuza nyama ya porini sokoni mpaka wanyama wakakaribia kwisha.

Lakini ukitaka kutoa sadaka kwa maskini, kupitia zile ghala za chakula cha bure, huko kuna masharti. Mwindaji hapeleki na ndoo yake. Anapeleka kwa mchinjaji mwenye leseni, anakatakata, anafunga, anaandika. Na hata hivyo mwaka 2008 jirani zetu wa North Dakota waliambiwa watupe nyama ya sadaka ya kulungu, kwa sababu daktari mmoja aliipiga picha za hospitali akakuta vipande vya risasi, vidogo ambavyo jino haliwezi kuvihisi. Kwetu Minnesota nako wakaisimamisha, baadaye wakawa wanaipitisha kwenye eksirei. Wanaogopa zaidi kwa watoto na wenye mimba, kwa vile madini ya risasi huharibu ubongo unaokua. Kwa hiyo hayo marisau ya Kitogani si mchezo: palipopita chembe, kata nyama yote ya pembeni, pana, tupa.

Kuna na ugonjwa wa kulungu wa kukonda, unaoharibu ubongo. Maeneo mengine wanashauri upime kichwa kabla ya kula. Jirani yangu mzee alinipa mfuko wa nyama na karatasi ya majibu ya kipimo juu yake. Nilicheka kwanza. Zawadi yenye cheti! Halafu nikaona ana adabu kuliko mie. (Sikuila, haikuchinjwa. Nilimwambia hivyo hivyo, akaleta boga.)

---

Jongoo_wa_Chake

Kumbe. Basi bakuli lisije Chake.

---

Mpishi_Kengeja

Nimerudi. Naandika usiku, mikono inanuka jivu.

Hospitali tulifika baada ya Magharibi, gari ya jirani ya kubebea mwani. Tulikwenda watu saba na mtoto. Wifi yangu hakutaka, kasema tunamtia aibu, nikamwambia aibu utaivaa ukiwa hai. Daktari, kijana mdogo lakini ana adabu, hakutugombeza. Kauliza kila mtu kala kiasi gani, saa ngapi, kaandika. Mkwe wangu kalazwa aangaliwe, maziwa yanakamuliwa na kumwagwa, mtoto anapewa ya kopo. Analia kama ananyongwa, chupa haijui. Wifi yangu anasema koo linamwasha tangu alasiri. Sijui ni kasa au ni hofu. Daktari naye hakusema, kasema analala hapa.

Sheha nilimkuta barazani. Kapita nyumba kwa nyumba na kijana mmoja, nyumba mbili zilikuwa bado hazijapika, moja chungu kilikuwa motoni. Bakuli langu nimelizika nyuma, kina cha mkono mzima, nikatia na mawe juu kwa ajili ya mbwa.

Sasa Afisa, nimalizie la paa. Mhandisi kanipigia simu mara mbili.

---

Afisa_Afya_Mstaafu

Alhamdulillah mmefika. Huyo wa koo kuwasha wasimruhusu mapema, hata akisema kapona.

La paa: usiuze. Nakupa sababu yenye kukuhusu wewe mpishi, za msitu kakueleza wa Kitogani. Ng'ombe wa pilau yako ya Ijumaa anakaguliwa yu hai, kisha anakaguliwa tena akishachunwa: maini, mapafu, tezi, moyo. Akipita anapigwa muhuri. Paa huyo hakupita popote, hakuna aliyeyaona maini yake isipokuwa mbwa. Ukiuza chakula, Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar na afisa afya wa wilaya wana haki ya kukuuliza nyama imetoka wapi, na sheria ya chakula tuliyonayo tangu 2006 haikupi njia ya kusema "mkwe kanipa". Na lile la kumpa bure akupe "zawadi" ya elfu tano, Bi Mpishi, hilo ulijua jibu lake kabla hujaandika.

Utasikia watu wanasema Bara mabucha ya nyamapori yanaruhusiwa. Kweli, tangu 2020 kuna kanuni zake huko, na bucha lazima liwe na leseni. Lakini wanyamapori si jambo la Muungano. Kibali cha Dodoma hakimpi ruhusa paa wa Muyuni.

Tuache sheria. Nitazame paja lenyewe. Nyama mbichi ikikaa baina ya nyuzi joto 5 na 60, vijidudu vinazaana, na kipimo tunachowafundisha wapishi ni saa mbili, si zaidi. Wewe paja limepigwa usiku wa manane, limepasuliwa jua limetoka, limelala melini bila barafu, limepanda gari. Hesabu mwenyewe. Friza halikufuta hayo, limeyasimamisha tu kama yalivyo. Mtu atakwambia pika sana. Kupika kunaua vijidudu, ndiyo, lakini kuna vijidudu vinavyoacha sumu ndani ya nyama, na sumu hiyo haitoki kwa moto wa kuni zako. Mie nisingelila hata mwenyewe nyumbani.

Wakwe wakitaka kukuletea tena kitu, waambie walete muhogo.

---

Mkaazi_wa_Kitogani

Muhogo wa Muyuni, na usidharau!

---

Mpishi_Kengeja

Siku ya tano leo. Naweka habari kwa sababu kuna watu wananiandikia pembeni.

Mkwe wangu katoka, hakuona dalili yoyote, mtoto kakubali ziwa tena jana alfajiri. Wifi yangu ndiye aliyeumwa: katapika siku mbili, ulimi umekuwa mweupe, vidonda. Sasa anakunywa uji. Wengine wako wazima. Wote walikula chungu kimoja na wamekaa mkeka mmoja, Mungu ndiye ajuaye. Daktari kasema tusihesabu bado, tuendelee kuangaliana.

Paja la paa limezikwa pembeni ya kasa. Mwanangu kanitazama kama nimezika dhahabu. Nilimuuliza lile swali la Ustadh, alipigwa au aliokotwa? Kanyamaza kidogo, kisha kasema "walinambia alipigwa". Hilo "walinambia" lilinitosha.

Mhandisi kala pilau la kuku, elfu tatu sahani, kalipa na kalalamika kwamba kuku ana mifupa.

Shemegi yangu hajaja mlangoni tangu siku ile. Nasikia alikwenda hospitali kumtazama dada yake usiku, akakaa nje kwenye ngazi mpaka asubuhi, na jarife lake liko juu ya paa la banda, hajaenda bahari. Bakuli lake bado liko kwangu. Nimelisugua kwa jivu, nikalisugua tena kwa sabuni, nikalianika juani siku mbili. Kwetu bakuli halirudi tupu. Kesho baada ya Alfajiri nitachoma mikate ya kumimina kumi, nimpelekee mwenyewe, na nimkute kabla hajatoka.